Zanzibar, Shelisheli, Morisi au Maldivi: masharti ya kuingia na mambo ya kupima kabla ya kukata tiketi

Mtu anayepanga mapumziko katika visiwa vya Bahari ya Hindi kwa kawaida huanza kwa kulinganisha picha za fukwe na bei za hoteli. Picha hazimfikishi mbali, kwa sababu mchanga mweupe na maji maangavu anaweza kuyapata katika kila kimoja cha visiwa vinavyotajwa hapa. Tofauti zinazoamua kama safari itakuwa ya raha au ya adha ziko kwingine: nyaraka zinazodaiwa mlangoni, upepo unaovuma katika mwezi anaofika, sheria zinazomsubiri, na njia ya kumtoa uwanja wa ndege hadi kitandani. Kwa vigezo hivyo nimelinganisha Zanzibar, Shelisheli, Morisi na Maldivi. Rai yangu ni kwamba msafiri achague kwanza mahali panapokubaliana na namna yake ya kusafiri, na ufukwe autafute baada ya hapo.

Viza, na vinavyodaiwa badala ya viza

Ukitazama viza peke yake, Zanzibar ndiyo inayoonekana ngumu zaidi. Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa hiyo mgeni huingia kwa viza ya Tanzania, ambayo kwa watalii wa mataifa mengi hugharimu dola 50 za Marekani, na kwa raia wa Marekani hugharimu dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Huombwa mtandaoni, na kwa raia wa nchi nyingi hupatikana pia wanapowasili, ingawa kuiomba mapema humpunguzia mtu foleni anapotua. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza hiyo. Viza moja hutosha kwa bara na visiwani, na hilo ni jambo la maana kwa anayetaka kuunganisha mbuga za wanyama na bahari katika safari moja.

Kuna sharti jingine ambalo wengi hulisikia wakiwa wamekwisha fika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni asiye mkazi anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima, nayo hudumu hadi siku 92. Bima aliyonunua kwao, hata ikiwa bora kiasi gani, haiwi mbadala wake. Anayetoka Dar es Salaam kwa boti au kwa ndege ya ndani naye anahusika, kwa kuwa sharti hili ni la kuingia Zanzibar yenyewe. Ni vyema kulilipa kabla ya safari na kubeba uthibitisho katika simu na kwenye karatasi.

Shelisheli haidai viza kwa karibu mataifa yote, na kwa sababu hiyo watu huidhania kuwa mlango wazi. Kwa kweli inadai mengi kuliko Zanzibar, isipokuwa inayadai mapema. Kila abiria anatakiwa kupata idhini ya kusafiri kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege, kwa ada inayolipwa hapo hapo na inayopanda kwa anayetaka kujibiwa haraka. Katika maombi hayo huambatanisha tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari, uthibitisho wa malazi ya siku zote atakazokaa, na huulizwa kuhusu uwezo wa kujigharamia, ambao kiwango chake rasmi ni dola 150 kwa siku. Maneno ya kushika hapo ni siku zote. Msafiri aliyezoea kulipia usiku wa kwanza na mengine kuyatafuta akiwa njiani hataipenda Shelisheli, kwa kuwa utaratibu wake umekusudiwa kumzuia mtu wa namna hiyo. Kulala kwenye hema ufukweni nako kumekatazwa.

Maldivi hutoa viza ya utalii bure mgeni anapowasili, kwa siku 30, kwa raia wa karibu mataifa yote. Masharti yake ni pasipoti inayosomeka kwa mashine ambayo bado ina muda wa angalau mwezi mmoja, malazi yaliyothibitishwa, tiketi ya kutoka na fedha za kutosha. Pamoja na hayo kuna fomu ya tamko la msafiri iitwayo IMUGA, inayojazwa ndani ya saa 96 kabla ya kuwasili na kujazwa tena kabla ya kuondoka. Hilo la pili husahaulika, na mtu hujikuta akiijaza kwa simu yenye chaji kidogo huku mstari wa kaunta ukisogea.

Morisi imekaa kati kwa kati. Mataifa mengi huingia bila viza ya mapema, na mtalii anaweza kuruhusiwa kukaa hadi siku 180 katika mwaka mmoja wa kalenda, muda unaoipa Morisi ubora wa wazi kwa anayetaka kukaa sana. Kabla ya safari hujazwa fomu ya pamoja ya kidijitali, inayounganisha maswali ya uhamiaji na ya afya, ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ofisa uhamiaji anaweza kuomba kuona tiketi ya kurudi, anwani ya malazi na uwezo wa fedha, ambao huhesabiwa kuwa dola 100 kwa siku. Wanaotaka kupitia Reunion, kisiwa jirani, wakumbuke kwamba ni ardhi ya Ufaransa isiyokuwamo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen peke yake si hakikisho la kuingia huko, na anayerejea Morisi kutoka Reunion anaingia upya kama aliyefika mara ya kwanza.

Wazazi wanaosafiri na watoto, hasa mzazi mmoja akiwa peke yake, wabebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Si kila ofisa ataiuliza, lakini mashirika ya ndege hulifuatilia jambo hilo kuliko watu wanavyodhani.

Homa ya manjano na njia unayopitia

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ni kosa linalowakwamisha watu kwenye kaunta ya ndege huku kila kitu kingine kikiwa sawa. Visiwa vyote vinne vinadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka katika nchi yenye hatari ya maambukizi ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Ethiopia zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Msafiri kutoka Ulaya au Asia, ambako homa hiyo haipo, anaweza kudhani kwamba suala hilo halimgusi. Lakini tiketi za bei nafuu kuelekea visiwa hivi nyingi hupitia Addis Ababa au Nairobi, na kusubiri katika uwanja wa ndege wa nchi kama hizo kwa zaidi ya saa 12 kwa kawaida huhesabiwa sawa na kutoka huko. Mapumziko ya saa 9 yanaweza kupita bila swali; ya saa 14 yakakudai kadi ya njano, yaani cheti hicho cha chanjo. Kwa hiyo, unapolinganisha tiketi mbili, angalia saa za kusubiri kabla ya kufurahia tofauti ya bei.

Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo kuchanjwa siku mbili kabla ya kuondoka hakusaidii. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye kuchanjwa, na kadi ya zamani iliyoandikwa muda wa miaka 10 bado ni halali. Watoto walio chini ya miezi 9 hawachanjwi kwa kawaida, na waliozidi umri wa miaka 60 wazungumze na daktari kwanza.

Kuhusu malaria, tofauti ni kubwa na inafaa iingie katika uamuzi, hasa kwa mjamzito au mwenye mtoto mchanga. Maldivi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa huru na malaria mwaka 2015, na katika Shelisheli na Morisi hakuna maambukizi ya kawaida ya ndani. Zanzibar imeipunguza sana, lakini haijaimaliza, na mgeni anapaswa kushauriana na daktari kuhusu dawa za kinga na kulala ndani ya chandarua. Mbu wa homa ya dengi na chikungunya, wanaouma mchana, wapo kote kunne. Mlipuko wa chikungunya wa miaka ya 2005 na 2006 uligusa Reunion, Morisi, Shelisheli na Komoro kwa pamoja. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu ina kazi hata mahali pasipo na malaria.

Majira: kaskazi, kusi na vimbunga

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba hadi Aprili. Vimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili viweze kujizungusha, na msukumo huo ni hafifu karibu na ikweta. Ndiyo maana visiwa vikuu vya Shelisheli, vilivyo kati ya nyuzi 4 na 5 kusini, mara chache sana hupigwa moja kwa moja, wakati Morisi iliyo katika nyuzi 20 imo katika njia yake. Januari 2024 kimbunga Belal kilifurisha maji katika barabara za Port Louis, mji mkuu wa Morisi, na kusomba magari. Morisi hutangaza tahadhari kwa madaraja, na yanapofikia ya juu uwanja wa ndege hufungwa na watu huamriwa kubaki ndani. Anayekwenda Morisi kati ya Januari na Machi anunue bima inayotaja wazi hali ya hewa na asipange kuondoka siku moja kabla ya jambo lisiloweza kuahirishwa. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, Mei hadi Desemba mapema ni wakati mzuri zaidi kwa Morisi.

Zanzibar huongozwa na mvua na pepo zake. Masika huanza Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufunga. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba kwa vipindi vifupi. Kusi hutawala kuanzia katikati ya mwaka na kuleta hewa ya baridi kidogo, na kaskazi huja na joto kuanzia Desemba hadi Machi. Pepo hizo huamua pia upande wa kisiwa unaofaa. Hali ni hiyo hiyo Shelisheli, ambako upepo wa kusini mashariki wa Mei hadi Oktoba huchafua bahari na kuleta mwani katika baadhi ya fukwe huku upande wa pili wa kisiwa hicho hicho ukiwa umetulia. Aprili na Oktoba, upepo unapogeuka, ndiyo miezi ya wapiga mbizi. Maldivi huwa kavu Desemba hadi Aprili na kuloa Mei hadi Oktoba, na bei zake hufuata mgawanyo huo bila huruma.

Jambo moja la Zanzibar lazima lielezwe kwa undani, kwa sababu hoteli hazilisemi kwenye picha. Bahari yake hupwa na kujaa kwa tofauti kubwa, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hiyo hukaribia mita 4. Upande wa mashariki, katika fukwe za Paje na Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali kabisa kuelekea kwenye miamba ya matumbawe. Mahali palipokuwa na bahari saa tatu asubuhi panakuwa uwanda wa mchanga wenye vidimbwi, na wakulima wa mwani huingia kwenye mashamba yao yaliyopangwa kwa vijiti na kamba. Kuoga hapo haiwezekani kwa saa kadhaa, na anayetembea anahitaji viatu vya mpira kwa sababu ya viumbe wenye miiba wanaojificha kwenye mawe. Mimi nauona upande huo kuwa mzuri kuliko wote kwa anayependa kutazama bahari ikifanya kazi. Lakini anayetaka kujitosa majini saa yoyote achague Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali kiasi hicho. Angalia jedwali la maji kupwa na kujaa la siku zako kabla ya kulipia chumba.

Kutoka uwanja wa ndege hadi kitandani

Maldivi inasifiwa kwa urahisi wa kuingia, na ni haki yake, lakini ugumu wake huanza baada ya mhuri wa pasipoti. Nchi hiyo ina visiwa karibu 1,190, na hoteli nyingi zimejengwa kila moja katika kisiwa chake. Mgeni huhamishwa kwa boti ya kasi au kwa ndege ndogo inayotua majini, na ndege hizo huruka mchana tu. Anayetua jioni hulala Malé, mji mkuu, au Hulhumalé iliyo jirani, kwa gharama yake, kisha husafiri kesho yake. Nauli ya ndege hizo huweza kufikia dola mia kadhaa kwa mtu, kwenda na kurudi, na haimo katika bei ya chumba isipokuwa imeandikwa hivyo. Mzigo nao hupimwa upya: kwa kawaida kilo 20 za sanduku na kilo 5 za mkononi, hata kama ndege kubwa ilikuruhusu 30. Hata hivyo, tangu mwaka 2009 nyumba za wageni zimeruhusiwa katika visiwa wanavyoishi wenyeji, na hufikika kwa boti za abiria kwa nauli ndogo. Kwa mwenye bajeti ya kawaida, hiyo ndiyo Maldivi ya kwenda.

Shelisheli ni nyepesi zaidi: kutoka kisiwa kikuu cha Mahé hadi kisiwa cha Praslin ni kama saa moja kwa boti au robo saa kwa ndege, na Praslin hadi kisiwa cha La Digue ni robo saa nyingine kwa boti. Wenye kuchafukwa na bahari wachague ndege katika miezi ya kusi. Zanzibar, boti ya kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na pasipoti huangaliwa bandarini ingawa safari ni ya ndani ya nchi moja. Anayekodi gari au pikipiki kwa leseni ya nje apate pia kibali cha kuendesha cha Zanzibar, kwa kuwa askari wa barabarani hukiuliza. Morisi haina tatizo hapa; ni kisiwa kimoja kikubwa chenye barabara nzuri, na kwa familia yenye watoto wadogo jambo hilo lina uzito kuliko vigezo vingi.

Sheria zinazomshika mgeni asiyejua

Maldivi ni nchi ya Kiislamu kwa katiba, na forodha yake hukagua kwa umakini. Pombe, vyakula vya nguruwe na sanamu za ibada haziingizwi; chupa iliyonunuliwa katika duka la uwanja wa ndege wa njiani huzuiwa. Pombe huuzwa katika hoteli za visiwa vya watalii na katika boti za safari za kupiga mbizi, na si katika visiwa vya wenyeji, ambako pia nguo za kuogelea zinazoonyesha mwili huvaliwa katika sehemu za ufukwe zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Tangu Desemba 2024 sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku, na tangu tarehe 1 Novemba 2025 mtu yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baadaye haruhusiwi kuvuta wala kununua tumbaku, awe mwenyeji au mgeni.

Morisi nayo huzuia sigara za kielektroniki, na ni kali sana kuhusu dawa. Vidonge vya maumivu vyenye kodeini au tramadoli, ambavyo kwingine huandikwa na daktari bila wasiwasi, vinaweza kumtia mtu matatani. Abebe cheti cha daktari na aulize kuhusu kibali mapema. Zanzibar huzuia mifuko ya plastiki, na katika Mji Mkongwe na vijijini mabega na magoti hufunikwa kwa heshima ya wenyeji. Shelisheli hairuhusu kutoka na nazi ya coco de mer bila kibali chake. Kasa, matumbawe na makombe yabaki kote yalipo.

Tozo zisizoonekana kwenye bei

Maldivi hutoza kodi ya kijani ya dola 12 kwa mtu kwa siku katika hoteli kubwa, tangu Januari 2025, na dola 6 katika nyumba ndogo za wageni za visiwa vya wenyeji. Watu wawili kwa siku 10 watalipa dola 240 au 120, kulingana na walikolala. Shelisheli, tangu Agosti 2023, hutoza rupia zake 25, 75 au 100 kwa mtu kwa usiku kulingana na ukubwa wa hoteli, hivyo wawili hao watalipa kati ya rupia 500 na 2,000. Zanzibar, kwa wanaohitaji viza ya dola 50, watakuwa wamelipa dola 188 za viza na bima hata wakikaa wiki nane. Bajeti ya Morisi ya mwaka 2025/26 ilitangaza tozo ya euro 3 kwa usiku kwa wageni. Kwa hesabu ya tozo zilizotajwa hapa pekee, safari fupi huinufaisha Shelisheli, na ndefu huinufaisha Zanzibar.

Baadhi ya malipo haya hufanywa mtandaoni, na humo kuna mtego. Zipo tovuti zilizotengenezwa kufanana na za serikali, ambazo hujitokeza juu katika matokeo ya utafutaji na kutoza maradufu kwa kazi ya kukujazia fomu. Anza katika tovuti ya uhamiaji ya nchi husika na ufuate kiungo kilichopo humo. Idhini ya Shelisheli na viza ya Tanzania hulipiwa kwa kadi. Fomu ya Maldivi ni ya bure, kwa hiyo ukurasa wowote unaoomba namba ya kadi yako ili kuikamilisha si wa serikali ya Maldivi.